Usibadilishe raba ukaiacha plastiki

Mashine ya boti ikianza kukojoa kwa unyonge, yaani ule mchirizi wa maji ya kupoza unaotoka nje ukipungua, manahodha wengi wa huku pwani wana jibu moja: badilisha impela. Jibu si baya, ila limekatika katikati. Impela, gurudumu la mabawa la pampu ya maji ya kupoza, ni raba tu, inazunguka ndani ya kava ya plastiki iliyo juu ya gia boksi. Mara nyingi nikifungua mashine nakuta raba mpya kabisa ndani ya kava iliyokwisha zamani, na mwenye boti anamlaani muuza spea.

Kinachoiua hiyo plastiki zaidi ni joto. Pampu inalainishwa na maji yaleyale inayoyavuta. Sasa boti iko mchangani, maji yamekupwa, mtu anawasha "nisikie mlio tu". Raba inasuguana kavu, na haihitaji muda mrefu kuungua. Kava nayo inapinda kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Ndani yake kuna kikombe cha stenlesi. Plastiki ikilainika, kikombe kinalegea. Kuanzia hapo pampu inavuta hewa. Dalili yake: ukienda kasi inakojoa vizuri, ukipunguza mwendo inadondosha matone.

Kwa hiyo ukishusha gia boksi, usiishie kwenye raba. Osha kava kwa maji baridi, weka rula ya chuma kwenye uso wake wa chini, itazame kuelekea mwanga. Ukiona mwanga unapenya, tupa. Angalia matundu ya bolti, nyufa huanzia hapo, hasa kama fundi aliyetangulia alikaza kama nati za lori. Pitisha ukucha ndani ya kikombe na juu ya bamba la chini yake. Ukucha ukikwama kwenye michirizi, navyo vimekwisha. Mchanga hufanya kazi hiyo polepole, na sisi tunaoegesha kwenye maji mafupi tunaula kila siku. Ndiyo maana mimi hununua seti nzima, na hufungua wakati wa kusi, boti zikiwa zimelala.

Impela ya zamani ikiwa na bawa lililokatika, litafute kipande hicho. Kimepanda na maji na kitaziba njia huko juu, hata uweke pampu mpya. Unaporudisha kava, paka grisi kidogo, izungushe shafti kwa uelekeo wake wa kazi ili mabawa yalale upande sahihi, kisha kaza bolti kwa kupishana, kidogo kidogo.

Kuna plastiki nyingine watu huisahau: kile kiunganishi kidogo cha mpira wa kukojolea, chini ya kofia ya mashine. Joto na umri hukifanya kikauke na kupasuka. Nje utaona mkojo umepungua, ndani maji chumvi yanarukia koili na nyaya. Kabla ya kufungua pampu, fungua kofia uangalie hapo, na chomeka mshipi mnene wa kuvulia kwenye tundu la nje kutoa chumvi na mchanga.

Jaribu mashine kwenye pipa, maji yapite juu ya matundu ya kuvutia. Ikikojoa kwa nguvu hata ikiwa sailensa (mwendo wa chini kabisa), lakini baharini bado inachemka, iache pampu, kagua themostati, ile vali inayofungulia maji ya kupoza mashine ikipata moto.