Rakuni na .17: usimsikilize huyo muuzaji, piga kichwa au shusha bunduki

Mkuu, acha. Kabla hujatoa kadi yako hapo dukani, acha kwanza unisikilize.

Umeandika kwamba uko Iowa, jirani mwenye shamba la mahindi amekukaribisha kuwinda rakuni, yule mnyama wa Marekani mwenye uso kama amevaa barakoa, kwa kutumia mbwa wake, na muuzaji amekwambia .22 ni bunduki ya watoto, chukua .17 HMR (namba hizo ni unene wa risasi kwa inchi) maana kasi yake ni mara mbili. Na kwa vile kichwa cha rakuni ni kidogo, utapiga bega. Halafu ukauliza kuhusu koyote (mbwa mwitu mdogo wa huku), mbweha, darubini ya bunduki, taa na pa kuuzia ngozi. Mimi nilipofika kwenye "bega" nikaweka kikombe chini.

Maneno hayohayo niliambiwa hapa Kentucky na kijana mmoja wa dukani, ndevu mpaka kifuani, nguo za kijani za porini kuanzia kofia hadi soksi, ambaye leo naapa hajawahi kusimama chini ya mti usiku wa Desemba. Akanifungulia kikaratasi cha namba. .22 LR, ndiyo .22 ya kawaida: risasi ya gramu 2.6, inatoka mtutuni kwa mita kama 370 kwa sekunde. .17 HMR: gramu 1.1, mita kama 775. Ukikokotoa nguvu, .17 inatoka na jouli 330 hivi, .22 haifiki 200. Mimi niliyepata F ya fizikia kidato cha nne, siku hiyo nikajiona mhandisi. Nikalipa.

Namba zilikuwa sahihi, tatizo ni kile asichonieleza. Hako karisasi kalikotoka mwaka 2002 kametengenezwa kwa ajili ya vijinyama vidogo vya mashambani, kindi wa ardhini na jamii yake. Ganda lake ni jembamba makusudi, lipasuke vipande likigusa tu. Kwa mnyama wa nusu kilo ni sifa hiyo. Lakini rakuni dume wa huko kwenu mwezi wa Desemba ana kilo saba, nane, wengine wanavuka kumi. Ana manyoya mazito, chini ya ngozi ana tabaka la mafuta ya kumpitisha kwenye baridi, na bega lake ni msuli mtupu. Karisasi kanapasukia juu juu. Ni ngumi ya mlevi: kishindo kikubwa, na anayeumia ni aliyesimama pembeni.

Aliyesimama pembeni kwangu alikuwa mbwa. Jike wa Bluetick, aina ya mbwa wa kuwinda rakuni, wa mzee jirani, mbwa ambaye mzee alikuwa akimsemesha kuliko anavyoisemesha familia yake. Mbwa walikuwa wamempandisha rakuni juu ya mwaloni, wanabweka, tochi zinamulika, macho yale mawili yanatoweka na kurudi. Mzee akaniuliza, unaona kichwa? Nikamjibu naona bega, linatosha. Akanyamaza. Nilidhani amekubali, kumbe mzee wa watu alikuwa anaheshimu mgeni.

Nikafyatua. Rakuni akaporomoka, nami nikaanza kushangilia kama nimefunga goli la ugenini. Akatua chini mzima, na hasira yote ya dunia. Rakuni aliyejeruhiwa katikati ya mbwa si yule wa katuni. Alimng'ang'ania yule jike usoni, mimi nazunguka na bunduki yangu ya kisasa siwezi kupiga, maana ningeua mbwa. Mzee ndiye aliyeingia na .22 yake kuukuu, kitako kimefungwa kwa mkanda wa plasta, akasubiri sekunde moja iliyo wazi, akampiga nyuma ya jicho. Kimya. Kisha akapiga magoti kumpangusa mbwa damu.

Jicho halikupona. Bili ya daktari wa wanyama, ambayo nililipa mimi na ni haki nilipe, ilizidi bei ya bunduki, darubini na leseni kwa pamoja. Mzee hakunitukana. Angenitukana ningelala. Na tulipomchuna yule rakuni, bega lilikuwa na kidonda kipana, kibaya, ambacho hakikufika hata kwenye mbavu. Ngozi nayo imetoboka mahali pabaya kabisa. Yaani nilipata hasara ya nyama, ya ngozi, ya mbwa na ya ujirani kwa risasi moja. Wenye biashara wanaita punguzo la msimu.

Niliporudi dukani, yule kijana akaniambia nilipaswa kupiga kichwa. Aisee!

Sasa nakupa kanuni, moja tu: kichwa, au hufyatui. Ukilishika hili, ile .22 LR "ya watoto", iliyopo tangu 1887, inatosha rakuni kabisa. Akiwa ubavu, lenga katikati ya jicho na sikio. Akikutazama, katikati ya macho, juu kidogo. Akikupa kisogo au mkia, subiri. Hana pa kwenda, yuko juu ya mti. Tumia risasi ya kawaida au hata ya mwendo wa chini ya sauti, inaingia na kutoa kitundu ambacho mchunaji anaweza asikione. Na usijidanganye kwamba kwa .22 unaweza kupiga kifua: atapanda hadi kwenye pango la mti, afie humo, na wewe urudi nyumbani na hadithi.

Mbwa wafungwe kamba kabla ya kupiga. Wote. Hata yule anayesifiwa kuwa mtulivu.

Na hapa ndipo wengi wanaokubali kupiga kichwa wanakosea bado. Darubini inakaa juu ya mtutu kama sentimita nne. Ukiiseti ipige sawasawa kwenye mita 45 au 50, kama maduka yanavyofanya, basi kwa rakuni aliye mita kumi juu yako risasi itatua karibu sentimita moja na nusu hadi mbili chini ya ulipolenga. Sentimita mbili kwenye kichwa cha rakuni zinaweza kuwa tofauti ya ubongo na taya. Umevunja taya, umerudi kwenye vita ya mbwa. Seti bunduki kwa umbali utakaopigia, nenda na karatasi ukaone kwa macho mita kumi, kumi na tano, ishirini. Angalia pia nyuma yake kuna nini: lenga penye shina au tawi nene. Risasi ya .22 ikikosa na kwenda angani inaweza kuruka zaidi ya maili moja, na huko Iowa penye mahindi pana nyumba za watu.

Ukiona .22 LR haikupi amani, kuna .22 Magnum ya mwaka 1959, risasi ya uzito uleule kwa mwendo wa mita 570 hivi. Hiyo inapenya. Lakini kanuni ni ileile, usije ukaanza tena habari za bega. Mbweha aliye karibu atakufa kwa hizo. Koyote ni mnyama wa kilo kumi mpaka ishirini na anapigwa mbali, hiyo ni kazi ya .223, unene karibu uleule wa .22 lakini nguvu nyingi zaidi, na .223 hiyohiyo usiipeleke kwa rakuni kama unataka ngozi, itarudi imefumuka.

Ngozi zenyewe usizitegemee kulipa kodi ya nyumba. Soko liliporomoka baada ya 2013, na mwaka 2019 North American Fur Auctions, kampuni ya mnada wa manyoya ya Toronto, iliomba mahakama iikinge na wadai. Manyoya yanakomaa kuanzia mwishoni mwa Novemba, kabla ya hapo ni kusumbuana na mnunuzi.

Soma kitabu cha kanuni cha jimbo lako, majimbo mengine yanakupangia hadi aina ya bunduki ya usiku. Na kama uko kwa viza ya muda, bila leseni halali ya uwindaji usiguse bunduki kabisa, hilo ni kosa la shirikisho. Vaa glavu ukichuna, rakuni ana minyoo inayoingia kwenye ubongo wa binadamu, sitanii.

Yangu ya sasa ni .22 ya bolti (unaikoki kwa mkono kila risasi), mtumba, kitako kimechubuka. Ile .17 bado iko kabatini natafuta mnunuzi. Wewe sikuuzii hata ukinibembeleza, tena uko jimbo lingine, ingebidi ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, na nikikumbuka wauzaji napandwa na presha.