Wageni wa launchi, saa 6 usiku ni ya siku gani?

Jamani wageni mnaokuja kutazama roketi zikirushwa, nawapenda sana ila mmenichosha. Tarehe 31 Julai 2025 nilikuwa Titusville, Florida, pale daraja la Max Brewer, tumebanana kwenye ukingo tunasubiri Crew-11, safari ya wanaanga, kaunta imebaki kama dakika moja tu mawingu yakagoma, skrabu, yaani imeahirishwa. Kabla hata wanaanga hawajatolewa kwenye Dragon, chombo chao kilicho juu ya roketi, kijana aliyesimama pembeni yangu ananiuliza eti watajaribu tena baada ya nusu saa? Nikamweleza, tukaagana vizuri. Kesho yake sasa, kuna kikundi kingine kabisa kimekuja kwa saa ileile ya jana, saa 6 na dakika 9 mchana, na roketi ilishaondoka saa 5 na dakika 43. Wamekuta watu tunakunja viti. Kuna dada alikaa chini palepale kwenye lami na darubini yake shingoni, hajasema neno, na mimi roho iliniuma kama hasara hiyo ni yangu, kwa sababu iliwahi kuwa yangu.

Kwa hiyo naandika, someni mpaka mwisho tafadhali.

1. Dragon inayokwenda kituo cha anga cha kimataifa, ISS, haina "subiri kidogo". Inaondoka pale tu pedi, yaani jukwaa la kurushia, inapopita chini ya njia ya kituo, dirisha la kuondoka ni sekunde moja, na mafuta yanaanza kujazwa dakika 35 kabla ya T-0, yaani sekunde ya kuondoka, yakiwa ya baridi kali sana, ukiyachelewesha yanapata joto na hesabu yote inaharibika. Kwa hiyo mkisikia "hold", yaani kaunta imesimamishwa, dakika za mwisho msikae mnaombea, hiyo ni skrabu. Safari ambazo haziendi kituoni ni habari nyingine, hazibanwi hivyo.

2. Ikisogezwa kesho, muda unarudi nyuma dakika 20 na ushee kwa kila siku. Ndiyo maana ya ile 6:09 kuwa 5:43. Hii sio siri ya wakubwa, dunia inazunguka na njia ya kituo nayo inasogea kidogo kila siku, basi. Ukisikia tu skrabu, toa dakika 24 kwa siku kichwani halafu subiri watangaze rasmi, utakuwa karibu mno.

3. Tarehe. Hapa nikae kidogo.

Februari 2023 nilienda kwa ajili ya Crew-6. Nilikuwa namfuatilia mwanaanga Sultan Alneyadi wa Falme za Kiarabu tangu alivyochaguliwa, nilitaka nimwone anaondoka kwa macho yangu, nilikusanya hela muda mrefu kwa ajili ya hilo. Jaribio la kwanza lilikuwa tarehe 27, saa 7 na dakika 45 usiku, yaani usiku wa kuamkia Jumatatu, na nilibebwa na wenzangu wazoefu kwenye gari lao kwa hiyo sikufikiria chochote, waliniambia panda nikapanda. Ikafika kama dakika mbili kabla, skrabu, shida ya yale majimaji ya kuwashia injini. Wenzangu wana kazi, asubuhi wakaondoka. Mimi nikabaki peke yangu na moyo mweupe kabisa kwa sababu nilikuwa nimejipa wiki nzima.

Ikatangazwa tarehe mpya, Alhamisi 2 Machi, saa 6 na dakika 34 usiku. Nikaandika kwenye daftari hivyohivyo, "Alhamisi usiku saa 6:34". Someni tena hiyo niliyoandika. Kichwani mwangu Alhamisi usiku ni Alhamisi baada ya jua kuzama, unakula, unajiandaa, unaenda. Kumbe kwa saa zao siku inageuka saa 6 kamili usiku, kwa hiyo saa 6:34 ya Alhamisi ni dakika 34 tu baada ya Jumatano kuisha. Na lugha yetu wenyewe ina neno la kumaliza ubishi huu, USIKU WA KUAMKIA ALHAMISI, watu wamelisema miaka na miaka na mimi sikuliandika.

Basi Jumatano nilishinda kwenye kituo cha wageni cha Kennedy, nikazunguka Atlantis, ile shatoo ya zamani ya anga, mara tatu, nimechoka kwa furaha. Saa 3 usiku nikazima sauti ya simu nikalala, najisemea nipumzike vizuri kesho nakesha. Nikaamshwa na ngurumo. Mwanzo nilidhani mvua, nikawaza aa mvua leo ni sawa mradi kesho iwe safi. Ila haikatiki, inaviringika, inazidi, vioo vya dirisha vinatetemeka kidogo, na hapo ndo mwili ukajua kabla ya akili. Nilitoka miguu mitupu hadi nje. Sauti inachukua kama dakika moja kufika Titusville kutoka pedi 39A, kwa hiyo ile ngurumo iliyoniamsha ilikuwa ya kitu ambacho kimeshapaa muda. Nikakuta nukta moja ya mwanga juu upande wa kaskazini-mashariki inakimbilia baharini, inapungua inapungua, ikawa kama nyota nyingine. Watu wanne ndani yake. Nikasimama mpaka ikapotea.

Kwenye simu kulikuwa na meseji za wale wenzangu, "umesimama upande gani?", "tuonyeshe picha bana". Sikuwajibu hadi mchana.

Na kilichoniuma zaidi baadaye ni hii hesabu: kutoka 7:45 hadi 6:34 ni dakika 71, gawa kwa siku tatu unapata karibu 24. Ningekuwa naijua namba mbili hapo juu ningeona wazi kabisa kwamba usiku uleule unasogea nyuma tu, Jumapili kuamkia Jumatatu, siku tatu mbele Jumatano kuamkia Alhamisi. Nilikuwa na jibu kwenye daftari langu mwenyewe.

Sasa naandika siku mbili kila mara, na UTC, saa ya dunia nzima, pembeni, ile ilikuwa 05:34 UTC. Crew-6 walivyorudi Septemba walitua baharini karibu na Jacksonville saa 6 na dakika 17 usiku, tena baada ya tarehe kugeuka! Safari hiyo daftari lilisema "Jumapili 3 kuamkia Jumatatu 4", na nilikuwa macho.

4. Anga ya bluu juu yako haimaanishi kitu. Wanaangalia hali ya hewa na mawimbi kwenye njia nzima, pwani ya Marekani mpaka karibu na Ireland, maana kapsuli ikilazimika kujitoa itaangukia huko na mtu lazima aokolewe.

5. NET kwenye ratiba ni "sio kabla ya" tarehe hiyo, sio ahadi. Usikate tiketi ya kurudi siku inayofuata. Starliner, chombo cha Boeing, ya watu mwaka 2024 iliahirishwa 6 Mei, ikaahirishwa tena 1 Juni zikiwa zimebaki chini ya dakika nne, ikaruka 5 Juni.

6. Maji, dawa ya mbu, pawabenki, tochi nyekundu. Usiwashe tochi nyeupe usiku, tunakuomba.

7. Kutua: Dragon za watu sasa zinatua upande wa California, kwa hiyo wa Florida msizubae kusubiri huku. Na mwenye boti ASISOGEE. Agosti 2020 wanaanga Behnken na Hurley walipotua na Dragon karibu na Pensacola maboti ya watu binafsi yaliizingira kapsuli, na kumbe timu ikagundua mvuke wa sumu wa mafuta yake palepale. Ile ilikuwa hatari kweli, kwa wao na kwa wanaanga waliokuwa wanasubiri kufunguliwa mlango.

8. Roketi ikipotea machoni usiondoke. Kaa. Kama buusta, sehemu ya chini ya roketi, inarudi nchi kavu, inatua kama dakika nane baadaye na mshindo unakufikia nyuma yake. Pale darajani 1 Agosti watu wengi walishaanza kushuka kukimbia foleni, ila yule kijana wa "nusu saa" alikuwepo, alikuja mapema mno safari hii, nikamshika mkono nikamwambia bado. Tumesimama, kimya, halafu ikapiga, mishindo mizito ya kifuani, akaruka akanishika bega.

"Imelipuka?"

"Hapana mdogo wangu, imerudi."

Akaangalia kule baharini muda mrefu, halafu akaniuliza inayofuata ni lini.