Usimwahidi mteja ua, mwahidi rangi

Kosa langu kubwa la mwaka wa kwanza wa kutengeneza mashada ya maua nililifanya kwa mdomo, hata mkasi sijaushika. Bibi harusi aliniuliza kama ua fulani la zambarau aliloliona pichani litakuwepo siku yake. Nikajibu, "Lipo, usijali." Mvua zikachelewa wiki tatu. Asubuhi ya harusi matumba yalikuwa bado ya kijani, yamefumba, magumu kama kokoto. Nilihangaika tangu alfajiri kutafuta chochote chenye zambarau. Alipolipokea shada alitabasamu kwa adabu, na adabu ile inanichoma mpaka leo.

Tangu hapo siahidi ua kwa jina. Namwambia mteja: utapata zambarau na nyeupe, umbo la kuning'inia, na kilichochanua wiki hiyo. Mwenye kitalu cha kufunika anatawala maji, joto na hata mwanga, kwa hiyo anaweza kuahidi waridi mwaka mzima. Wewe unayefanya kazi na maua ya asili ya eneo lako unatawaliwa na mawingu. Mwambie mteja mapema, kabla hajalipa.

Halafu hakikisha unajua la asili ni lipi. Bugenvilea na jakaranda asili yake ni Amerika ya Kusini, zinia ni ya Meksiko, alizeti ni ya Amerika ya Kaskazini. Watu wamezaliwa wakiyakuta uani, wanaapa ni ya kwao. Kuyachanganya si dhambi, hata mimi nayatia, ila usiyauze kama ya asili mahali ambapo si kwao. Lantana ndiyo nakusihi uiache kabisa kama kwenu ni mgeni: vitunda vyake huliwa na ndege, mbegu husambaa, na kichaka chake kikishika ardhi hakitoki kirahisi.

Sasa kukata, maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Kata asubuhi na mapema, shina likiwa limejaa maji ya usiku, na uwe na ndoo safi shambani kabisa, si nyumbani. Ndoo chafu ina bakteria, na bakteria huziba mirija ya shina. Ua linanyauka huku limesimama kwenye maji. Maua ya jamii ya alizeti yakate yakiwa yameshafunguka, kwani tumba lake likikatwa changa mara nyingi halifunguki tena. Yale ya mkuki, kama gladiola, kata shina pale maua mawili au matatu ya chini yanapoanza kuonyesha rangi; ya juu yatafuata yenyewe. Zinia ina kipimo chake: shika shina kama sentimita 20 chini ya ua, litikise taratibu. Likilegea na kuyumba, liache siku mbili tatu. Likisimama kama kijiti, kata.

Mimea yenye utomvu mweupe, hasa jamii ya Euphorbia, ichovye ncha kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache ili utomvu uzibe. Vaa glavu. Niliwahi kujifuta jasho kwa mkono wenye utomvu ule, na jioni hiyo sikumaliza kazi kwa jinsi jicho lilivyowaka. Gloriosa superba nayo, ile yenye petali zilizopinda juu kama ndimi za moto, ni nzuri mno kwenye shada, lakini ina sumu kila sehemu, kiazi chake zaidi. Haikai mezani penye watoto.

Ukikata porini, omba ruhusa kwa mwenye ardhi. Kanuni yangu ni shina moja kati ya 20, na kama mashina hayafiki 20 napita. Okidi sizigusi: zote zimo kwenye mkataba wa CITES wa 1973, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini.

Ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua siitumii tena. Ni plastiki, inavunjika vumbi vumbi na kuingia kwenye maji. Waya wa kuku uliokunjwa ndani ya bakuli unafanya kazi ileile, na unautumia tena na tena.

Weka daftari. Andika tarehe, mmea, ulikuwa katika hali gani, ulidumu siku ngapi. Langu lina mstari huu: "Nyasi mkia, zilikatwa zimekomaa, zimemwaga mbegu mezani siku ya 4. Mwakani wiki 2 mapema." Mistari kama hiyo ndiyo inayonipa ujasiri wa kupokea oda.

Kiangazi ndicho kinachowatisha wageni wa kazi hii, eti hakuna maua. Kuna vichwa vya mbegu, nyasi, maganda, na Helichrysum ambayo petali zake ni kama karatasi hata ikiwa hai. Ikate kabla moyo wake haujafunguka, kwani huendelea kufunguka ikikauka, kisha ining'inize kichwa chini mahali pa giza penye hewa. Mwanga hula rangi. Kwa msimu huo naahidi kahawia, krimu na rangi ya majani makavu. Mteja mmoja alipokea shada la namna hiyo, akalisogeza sikioni, akalitikisa. Mbegu zikalia ndani ya maganda yake, akatikisa tena.