Kona ya Kerneli: Nani Amerudisha 'y' Yangu Kuwa 'm'?

Nimefungua .config, nikaandika `CONFIG_USB_SERIAL_CH341=y`, nikaendesha `make`. Nikirudi kuangalia nakuta `m`. Nani anabadilisha? (Msomaji, Juja)

Kconfig, mfumo wa kuchagua vipande vya kerneli (kiini cha Linux) vitakavyojengwa, na iko sawa. Swali hili limeshaulizwa hapa mara nyingi, kwa hiyo leo nalijibu taratibu, nisiulizwe tena.

Faili ya .config si barua ya maombi. Ni matokeo ya hesabu, na hesabu yenyewe ni fupi: `n` (kisijengwe) ni 0, `m` (kiwe moduli, faili ya pembeni inayopakiwa baadaye) ni 1, `y` (kiwe ndani ya kerneli yenyewe) ni 2. Alama ya `&&` huchukua iliyo ndogo, `||` huchukua iliyo kubwa, na `!` hutoa thamani kutoka kwa 2. Chaguo lako la CH341, draiva ya chipu ya USB hadi serial, limo ndani ya `if USB_SERIAL`. Ikiwa USB_SERIAL ni `m`, dari ya CH341 ni `m`, hata ukiandika `y` kwa wino wa dhahabu.

Endesha `make menuconfig`, bonyeza `/`, andika USB_SERIAL_CH341, kisha usome mstari wa `Depends on`. Kila jina lina thamani yake kando. Tafuta lililo `m`, lipandishe, halafu panda nalo hadi juu: USB yenyewe nayo lazima iwe `y`. Asiyetaka menyu aandike:

`scripts/config --enable USB --enable USB_SERIAL --enable USB_SERIAL_CH341`
`make olddefconfig`
`grep CH341 .config`

Usiruke hatua ya pili. `scripts/config` haikagui utegemezi wowote, huandika tu maneno kwenye faili. Anayekagua ni `olddefconfig`, tena hukagua kimyakimya, ndiyo maana kuna `grep` mwishoni.

Na kama shida yako ni bodi ya Arduino uliyonunua Luthuli Avenue, `m` yakutosha. Ukiichomeka, udev, programu inayotambua vifaa vipya, itaipakia moduli yenyewe. `y` iachie vitu ambavyo mashine haiwezi kuwaka bila hivyo.

Ninaandika draiva ya kihisi. Napata `WARNING: unmet direct dependencies detected for REGMAP_I2C`. Kwa kuwa ni onyo tu, niendelee? (Umoja)

Ukiendelea utafika kwenye `undefined reference to 'i2c_transfer'` dakika za mwisho kabisa, stima na muda vikiwa vimeshaliwa.

Soma mistari iliyo chini ya onyo. Itakuambia `Depends on [m]: I2C [=m]` (I2C ni njia ya kuzungumza na chipu kama kihisi chako), kisha `Selected by [y]`, kisha jina la draiva yako. Maana yake ni hii: draiva yako ni `y` na imetumia `select REGMAP_I2C`. `select` hailegezwi na dari. Inamsukuma mwenzake hadi `y` bila kutazama yeye anategemea nini. Basi msimbo wa regmap (maktaba ya kusoma na kuandika rejista za kifaa) umeingia ndani ya vmlinux, faili ya kerneli yenyewe, unaita `i2c_transfer`, na kazi (function) hiyo imo ndani ya i2c-core.ko, moduli itakayopakiwa baadaye. Moduli huweza kuitegemea kerneli, lakini kerneli haiwezi kuunganishwa kwa kutegemea moduli ambayo bado haijapakiwa.

Dawa ni mstari mmoja kwenye ingizo la draiva yako: `depends on I2C`. `select REGMAP_I2C` ibaki. Usiandike `select I2C`! Najua inavutia, kwa sababu mtumiaji hatahangaika kuitafuta. Lakini `select` ni ya vitu visivyo na swali kwenye menyu na visivyo na utegemezi mzito wa kwao: CRC32, regmap, maktaba za ndani. Ukiitumia kuamsha mfumo mzima, na draiva nyingine ikaandika `depends on` kwa jina hilohilo, mara mzunguko unajifunga na unapata `recursive dependency detected!`. Hapo utalazimika kufuata majina manne au matano kwenye faili za watu wengine ili ulirekebishe kosa lako.

Wapo wanaopendekeza `imply`, `select` isiyolazimisha, kama njia ya kati. Ni sawa, ila mtumiaji ana ruhusa ya kuizima, kwa hiyo msimbo wako uwe tayari kuishi bila hicho kitu.

Kwenye ingizo la CFG80211 (mfumo wa Wi-Fi) kuna `depends on RFKILL || !RFKILL`. Si hiyo ni kweli daima? Mbona isifutwe? (Rongai)

Ni kweli daima kwenye C. Hapa kuna thamani tatu. Piga hesabu: RFKILL (swichi ya kuzima redio) ikiwa `y`, jibu ni 2. Ikiwa `n`, `!RFKILL` ni 2, jibu tena ni 2. Ikiwa `m`, upande wa kushoto ni 1, na wa kulia 2 toa 1, yaani 1. Jibu ni `m`.

Mstari huo basi unasema: RFKILL si lazima, lakini ikiwa moduli, nami nisipite moduli. Ni kinga dhidi ya balaa lile la mwenzako wa Umoja. Ukiona `RFKILL || RFKILL=n`, ni kitu kilekile kwa sura nyingine. Ukiufuta, kerneli itajengeka vizuri kwako na kukwama kwa mtu mwingine mwenye mchanganyiko tofauti.

Kuna njia ya pili, `IS_REACHABLE()` ndani ya msimbo, inayouliza kama kipande kingine kinafikika. Kerneli hujengeka, lakini kipengele hupotea bila neno. Mtumiaji anaona vyote viwili vimewashwa na hakuna kinachofanya kazi. Mimi siipendi.

`insmod` inaniambia `Unknown symbol in module`. (Pipeline)

Tumia `modprobe`. `insmod` haisomi modules.dep, orodha ya moduli ipi inategemea ipi. Na kabla ya kuandika swali, soma `dmesg`: jina la simboli liko pale.

Nina moduli mbili nje ya mti wa kerneli. Ya pili inatumia kazi ya ya kwanza, na nimeweka EXPORT_SYMBOL_GPL, lakini modpost (hatua ya ujenzi inayokagua simboli) inasema `undefined!` (Kasarani)

Ujenzi wa pili hauijui Module.symvers (orodha ya simboli zinazotolewa kwa wengine) ya moduli ya kwanza. Ipe njia kamili, kuanzia `/`:

`make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD KBUILD_EXTRA_SYMBOLS=/njia/ya/kwanza/Module.symvers modules`

Au ziweke zote chini ya Kbuild moja na uzijenge pamoja, jambo ambalo ni bora. Hakikisha pia ya pili ina `MODULE_LICENSE("GPL")`, la sivyo modpost itakataa kwa sababu nyingine. Na yule aliyekushauri uweke `KBUILD_MODPOST_WARN=1` hakukusaidia, amehamisha tu kosa kutoka kwenye ujenzi hadi kwenye upakiaji.

Nilitumia `localmodconfig` kupunguza kerneli. Sasa modemu yangu ya Huawei haionekani. (Ngara)

Ilikuwa imechomolewa wakati huo, sivyo? `localmodconfig` hutazama `lsmod`, orodha ya moduli zilizopakiwa, ya dakika ileile. Chomeka kila kitu kwanza, printa na vipokea sauti vya USB pia, kisha `lsmod > orodha` na `make LSMOD=orodha localmodconfig`.

Kwa sasa washa USB_USBNET, kisha USB_NET_HUAWEI_CDC_NCM. Hiyo itavuta USB_WDM na USB_NET_CDC_NCM yenyewe. Ongeza USB_SERIAL_OPTION kwa milango ya AT (amri za modemu). Kisha `make` ya kawaida, itajenga kilichobadilika tu. Usianze na `make mrproper` kama watu wengi wanavyofanya kwa mazoea: inafuta hata .config, na wewe huna nakala.

Kerneli mpya inakufa na `unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. (Wasomaji watatu)

EXT4_FS na draiva ya diski ni `m`, na hamna initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakia moduli kabla ya diski kufunguliwa). Zifanyeni `y`, au tengenezeni initramfs.