Kabla ya kumwekea mikono anayelala stendi

Kama mmejipanga kwenda stendi usiku kuwakemea "machizi" watokwe na pepo, nawasihi mbaki nyumbani. Nasema hivi nikiwa muumini, na nipo kwenye kikundi cha kanisa kinachowatembelea wanaolala nje hapa Dar es Salaam. Wengi wao wanaumwa: skizofrenia (kusikia sauti na kuamini yasiyo ya kweli), baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), sonona nzito. Wameshaombewa sana hao. Wamekemewa hadharani, wamemwagiwa maji ya upako, kuna waliofungwa kamba wakati wa maombi. Ambacho hawajapata ni mtu wa kuwauliza, "Naomba nikuombee, au leo hutaki?" Akisema hataki, basi. Piga naye stori za Simba na Yanga, uage.

Chakula kitangulie. Nabii Elia alipokaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwambia ainuke ale, akampa mkate na gudulia la maji, akamwacha alale tena. Maswali yalimkuta baadaye, huko mlima Horebu. Sisi huchukua chai na chapati kwa mama ntilie aliye jirani na pale wanapolala, maana yeye anawajua kwa majina, na anajua nani ana siku ngapi hajala.

Kaka mmoja hubeba kiroba cha karatasi, anasema ni barua Mungu alizomwagiza ampelekee Rais. Mwenzetu mgeni alianza kumbishia kwa maandiko. Yule kaka alikumbatia kiroba chake, akageukia ukutani, mazungumzo yakaishia hapo. Ukibishana naye unampoteza, na ukijifanya unakubali unamdanganya. Mimi humwambia, "Kaka, sauti hiyo mimi siisikii, ila naona hujalala." Hapo ndipo hutoa yaliyo moyoni: mgambo, mvua, mama yake aliyemwacha Singida. Akitaka neno, huomba asomewe Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani bila faraja yoyote. Usikimbilie kumgeuzia ya 23. Na kuna siku yeye ndiye hutuombea sisi, tena kwa majina yetu. Tunainamisha vichwa.

Sasa dawa. Usimwambie mtu aache dawa kwa imani, hata kama amekuja kushuhudia kwamba amepona. Ukiona shingo imepinda ghafla, macho yamegeukia juu, ulimi unatoka wenyewe, watu wataanza kupiga kelele kwamba pepo amejidhihirisha. Kama mtu huyo ameanza karibuni dawa kama haloperidoli, ya kutuliza hizo sauti, au ameongezewa dozi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni madhara yake. Mkimbize hospitali, ipo dawa ya kuyatuliza, na hufanya kazi haraka. Anayelala kwenye boksi vidonge vyake huibiwa au huloa, kwa hiyo msindikize akamuulize daktari kama anaweza kupewa sindano ile inayokaa mwilini wiki kadhaa.

Mikesha nayo tuiangalie. Mwenye baipola akikosa usingizi anaweza kupandisha ugonjwa, nasi tukadhani amejazwa Roho. Mwombeeni mchana, usiku aende kulala. Kufunga bila maji kwa anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, ni hatari kabisa, kwani dawa inaweza kuzidi kwenye damu.

Ukimkuta Muislamu, usimvizie kumwongoa akiwa hajiwezi. Muulize kama angependa umwitie mtu wa msikitini. Wapo walioacha kusali kwa aibu ya swala zilizowapita walipokuwa wamechanganyikiwa. Shehe atawaeleza vizuri kuliko wewe ile hadithi ya kalamu kuinuliwa kwa mtu asiye na akili timamu mpaka zimrudie, yaani haandikiwi dhambi kwa wakati huo.

Akikwambia sauti zinamwamuru ajiue au amdhuru mtu, usimwache peke yake na usingoje ibada ya Jumapili. Tafuteni bajaji, mmoja akae naye nyuma, mwende hospitali usiku huohuo. Ombeni mkiwa njiani.