Niliumia kazini kisha nikafutwa: je, fidia imepotea?

SWALI: Nimefanya kibarua cha mashine ya kukata bati Nairobi kwa miezi minane mfululizo, kama Sh 18,000 kwa mwezi. Wiki 16 zilizopita mashine ilinikata vidole viwili. Mwajiri alilipa hospitali, lakini wiki ya sita nikaambiwa getini nisirudi. Sasa anasema mimi si mfanyakazi wake tena, na kwamba kinga ya mashine niliitoa mwenyewe. Nina haki gani?

JIBU: Ndugu, haijapotea. Una madai mawili, kila moja na ofisi yake na muda wake.

Anza na la kufutwa, maana ndilo linalokimbia. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miezi 3 tangu siku uliyofutwa kumpelekea afisa wa kazi malalamiko, na kwa hesabu yako zimebaki kama wiki 3. Zikipita, bado kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya miaka 3, ila huko ni safari ndefu. Neno "kibarua" lisikutishe: ukishafanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi, sheria inakuhesabu kama wa mshahara wa mwezi. Na hata kama jeraha limekufanya ushindwe kufanya kazi, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, mwenzako wa kazini au mtu wa chama akiwepo, kisha akusikilize. Maneno ya getini hayatoshi. Mahakama inaweza kukupa hadi mishahara ya miezi 12.

La jeraha liko chini ya sheria ya 2007 ya fidia ya majeraha ya kazini, inayojulikana kama WIBA. Kinachoangaliwa ni kwamba siku ya ajali ulikuwa mfanyakazi wake. Kufutwa baadaye hakubadilishi kitu. Mwajiri alipaswa kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7. Kama hakufanya hivyo, nenda mwenyewe kwenye ofisi yake ya kaunti, inayoitwa DOSH, na kitambulisho, karatasi za hospitali, ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha mshahara, na majina ya walioshuhudia. Mwisho ni miezi 12 tangu ajali.

Fomu ya madai ya DOSH ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari, na hii ya pili ndiyo inayokwamisha wengi. Daktari akiandika "amepona" tu, hakuna hesabu inayoweza kufanywa. Mwombe aandike asilimia ya ulemavu wa kudumu. Akiandika 10%, unalipwa asilimia hiyo ya mishahara ya miezi 96: 18,000 × 96 × 10% = Sh 172,800. Mbali na hizo kuna malipo sawa na mshahara kwa muda ambao hukuweza kufanya kazi kabisa, hadi miezi 12.

Hilo la kinga ya mashine ni la kukutia hofu. Fidia hii haiulizi uzembe ni wa nani. Mwajiri angelazimika kuonyesha utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata hapo ulemavu mkubwa bado hulipwa.

Usianze mahakamani kwa jeraha. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba madai haya yanapitia kwa Mkurugenzi kwanza. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 60 za kuupinga kwa maandishi. Na ukiletewa elfu ishirini na karatasi ya "nimelipwa yote", usitie sahihi kabla asilimia haijajulikana.