Mwanangu, kuhusu hao njiwa wa harusi yako

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma vizuri. Mpambaji anataka mrushe njiwa wawili weupe ukumbini usiku mkishakata keki, shangazi yake mwenzio kauliza kama hayo siyo mambo ya kanisani, na we unataka kujua yametoka wapi na yana maana gani.

Mwambie shangazi ni mambo ya zamani sana, kabla hata ya kanisa. Watu wa Mesopotamia, hapo ilipo Iraki saivi, walimhusisha njiwa na Ishtar, mungu wao wa kike wa mapenzi, Wagiriki wakampa Aphrodite wao, Warumi nao Venus. Halafu kuna yule njiwa wa Nuhu aliyerudi safinani na jani la mzeituni, ndo hapo amani ilipoingia, na mchoro wa Picasso ulipowekwa kwenye bango la mkutano wa amani Paris mwaka 1949 dunia nzima ikaizoea alama hiyo. Na kwetu si wazee wanasimulia njiwa aliyetaga mlangoni mwa pango la Thaur, Mtume (S.A.W.) alipojificha na Abubakar? Kwahiyo huyu ndege hana dini moja.

Ila kinachonigusa mimi ni ninachokiona bandani kwa mjomba wako Mikindani. Njiwa akishapata mwenzake wanakaa pamoja muda mrefu sana, jike anataga mayai mawili, wanalalia kwa zamu kama siku 18 hivi, jike analala nayo usiku kucha na mchana dume anampokea, na vifaranga wakitoka wote wawili, baba na mama, wanatoa maziwa ya kooni na kuwalisha. Baba naye, mwanangu! Hiyo ndo ndoa ninayokuombea.

Sasa hapo kwenye usiku ndo sikubali kabisa. Njiwa ni ndege wa mchana, anasoma njia kwa jua, kwa usumaku wa dunia, kwa harufu na kwa alama anazozijua, ukimwachia ukumbini usiku atajigonga kwenye feni na mataa. Halafu kuna wale weupe wadogo wanaozaliwa na kukulia kwenye kizimba, hao hawana pa kurudi, ukiwaachia hawajui hata kutafuta chakula, mwewe au kunguru anawamaliza, na kunguru wa hapa mjini unawajua. Hata Vatikani, Januari 2014, njiwa walioachiwa dirishani kwa Papa walivamiwa na kunguru na shakwe watu wote wanaona. Na Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 wengine walikuwa wametua kwenye mwenge mkubwa, ukawashwa, wakaungua. Sitaki kitu kama hicho kwenye siku yako, kiumbe afe ili sisi tupate picha.

Kama mnawataka kweli basi tufanye hivi, nikah ikishaisha asubuhi hapa nyumbani Shangani, Mtwara, jua limeshapanda, mjomba alete wa kwake weupe kwenye tenga lenye hewa, wakae kivulini mpaka muda wao, mfungue tu kifuniko watoke wenyewe, msiwashike shike mabawa kwa ajili ya kamera. Watazunguka juu mara mbili tatu kisha hao Mikindani, pale ni karibu sana kwao. Oktoba mvua za kwetu bado, anga litakuwa safi. Na mpambaji muulize hao wake wanalala wapi, akikwambia amewanunua tu dukani mkatalie kwa heshima.

Nijibu kabla ya Ijumaa mnataka wangapi, maana mjomba lazima achague mapema, wenye vifaranga hatawatoa bandani.

Mama yako